Kezia na Sakafu ya Simiti

Kabla ya mambo ya godauni, watu wa mtaa wa Huruma walimjua Kezia Nalianya kwa mgongo wake. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, na maji yalipokatika kwenye fleti zile angepanda ngazi na mitungi miwili, mmoja kila mkono, bila kutua hata kwenye ghorofa ya tatu ambako kila mtu hutua. Watoto wa ploti ile ya nyumba za kupanga walimwita Kezi Judo. Hakuchukia. Lilikuwa jina alilolitolea jasho.

Judo alifundishwa na Mwalimu Nzuki, fundi wa mitambo aliyeujua mchezo huo tangu alipokuwa askari polisi. Jioni baada ya zamu alifungua ukumbi wa mtaa, akatandaza mikeka minene iliyoshonwa kwa turubai, akasubiri atakayekuja. Kezia alikuja akiwa na miaka kumi na mitano, amefuata kelele za watu wanaoangushwa. Alimkuta Nzuki akiwafundisha vijana jambo moja tu, mara kwa mara, mpaka wakachoka nalo: mwenzako akikupigia kofi, mwilini mwako au sakafuni, amekubali ameshindwa, na wewe unamwachia papo hapo. Humwachii baada ya kufikiri. Unamwachia mkono wako ukiwa bado haujajua kama umeachia.

"Judo si kupigana," Nzuki alizoea kusema. "Mtu anakupa shingo yake uishike. Unafikiri anakupa kwa nini?"

Mwaka wa tisini na mbili Kezia aliwaangusha wanawake wote wa uzito wake waliofika kwenye mashindano ya taifa. Wa mwisho alimpiga mwereka wa nyonga uliowafanya watu wasimame vitini. Alirudi Huruma na kikombe, dada yake Triza akakiweka juu ya kabati, na majirani wakaja kukitazama kama wanavyokuja kutazama mtoto mchanga. Ilisemekana angepelekwa nje ya nchi kushindana. Safari ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, halafu haikutajwa. Alibaki kiwandani, kwenye mashine za kufuma blanketi, mpaka kiwanda nacho kikapunguza watu, na jina lake likawa miongoni mwao.

Ndipo Griffins Shitanda aliporudi.

Griffins alikuwa amefanya mazoezi ukumbini kwa Nzuki zamani, kijana mwenye maneno matamu na miguu mizito. Baadaye alikwenda Uarabuni kulinda mlango wa hoteli. Sasa alirudi na jaketi la ngozi na begi lililojaa kanda za video. Alimkalisha Kezia na Triza katika chumba cha nyuma cha duka la rafiki yake, akaweka kanda moja, na wakaona wanaume wawili wamefungiwa ndani ya uzio wa waya. Mmoja alikuwa amemkalia mwenzake kifuani akimpiga ngumi za uso. Aliyekuwa chini alijipinda, akaudaka mkono wa aliye juu, akaubana katikati ya mapaja yake na kuunyoosha mpaka yule akapiga kofi sakafuni.

"Hiyo ni judo," Kezia alisema kwa mshangao.

"Ndiyo hiyo! Judo, ndondi, mieleka, kila kitu ndani ya chungu kimoja." Griffins alikuwa hakai kitini. "Kezi, hiyo judo yako ya kuinamiana hakuna mtu atatoka nyumbani kuja kuiona. Lakini hii? Huruma yote itakuja. Mathare itakuja. Na wewe ndiye watakuja kuona."

Triza alikuwa bado anaitazama ile skrini, ambapo yule aliyepigwa ngumi za uso alikuwa ameanza kutapika.

Mwanzo haukuwa mbaya, na hilo ndilo lililomponza Kezia. Griffins alikodi godauni, ghala kuukuu lililoachwa wazi upande wa kushuka mtoni, akatandika mikeka, akamleta refa mwenye filimbi. Jumamosi alasiri watu walijaa. Mwanamume yeyote aliyejiona ana nguvu aliruhusiwa kuingia ajaribu kumwangusha Kezia, naye alikuwa na vazi lake jeupe na mkanda wake mweusi. Walikuja makondakta, wapiga chuma, wanaume waliosukumwa na marafiki zao wakicheka. Aliwalaza mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wale walioangushwa walicheka pia, wakamsalimia barabarani kesho yake kwa heshima waliyokuwa hawana jana. Kezia alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya kikombe. Alipokuwa amesimama katikati ya lile godauni, jina lake likiitwa na vinywa vyote vile, alijiona amefika mahali.

Halafu vitu vikaanza kuondolewa.

Kwanza ikaondoka mikeka. Alikuta sakafu tupu ya simiti, na Griffins akamwambia ilikuwa ya kukodi, mwenyewe ameichukua, wiki ijayo itapatikana. Haikupatikana. Kisha Griffins akasema ngumi zikubaliwe, kwa sababu watu wameanza kulalamika kwamba wanaona kitu kilekile. Kisha lile vazi jeupe: lilimpa mpinzani pa kushika, alisema, na pia halionekani vizuri. Akavaa fulana ya kubana na suruali fupi. Mwisho, Jumamosi moja, refa hakuja.

"Refa yuko wapi?" Kezia aliuliza.

"Refa ni mimi."

"Wewe huna filimbi, Griffins."

"Nina mdomo," akasema, na kucheka.

Kila kilipoondoka kitu, Kezia aliogopa kidogo, na kila mara Jumamosi ikapita salama, ile hofu ikakaa mahali pake na kunyamaza. Alijifunza kuangusha bila nguo ya kushika, kwa shingo na kwapa. Alijifunza kupokea ngumi. Triza alimkanda uso kwa maji ya chumvi jikoni. Kitu kimoja tu kilimsumbua Kezia, naye hakumwambia mtu: watu walikuwa wameacha kucheka. Walipiga kelele bado, kelele kubwa kuliko zamani, lakini kicheko kilikuwa kimetoka mle ndani na hakuweza kusema ni siku gani kilitoka.

Mwalimu Nzuki alifika mara moja. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi. Hakumtazama Kezia. Alitazama chini, sakafuni, toka ukuta mmoja hadi wa pili, kisha akaondoka kabla pambano halijaanza. Kezia alipomfuata ukumbini siku iliyofuata, alimkuta anafagia.

"Mwalimu, ulikuja na hukunisalimia."

"Siku mtu akianguka vibaya pale," Nzuki alisema bila kuacha kufagia, "usije kuniuliza mimi la kufanya. Mimi sikukufundisha la kufanya pale."

Alikuwa mtu wa hasira, Nzuki, na hasira zake zilidumu. Kezia naye aliondoka amekasirika. Hawakusemezana tena kwa miezi mingi.

Idarusi aliingia godauni mwezi wa tisa mwaka wa tisini na saba. Alikuwa mbeba nyama Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, mtu mrefu ambaye baba yake alitoka Malindi. Mpole mno. Wenzake wa machinjioni ndio waliomleta, wakimsukuma mgongoni, kwa kuwa alikuwa akibeba mizoga miwili kwa mpigo na hawakuwahi kumwona akichoka. Alimpa Kezia mkono kabla ya kuanza. Mkono ulikuwa baridi, unanuka sabuni ya kipande.

Hakujua kupigana, lakini alikuwa na nguvu za kutisha. Mara mbili alimnyanyua Kezia juu na kumtupa. Mara ya tatu Kezia alimzunguka, akampanda mgongoni, akamtia kabali. Idarusi akapiga magoti. Kezia alikaza, akingoja kofi.

Kofi halikuja.

Aliuona mkono wa Idarusi umenyanyuka, vidole vimetanuka, ukakaa hewani karibu na paja lake kama mtu aliyesahau alichotaka kuchukua. "Gonga!" Kezia alimwambia sikioni. "Gonga, ndugu yangu!" Watu walikuwa wanapiga mabati ya ukuta kwa mateke. Griffins alikuwa anapunga mikono: bado, bado. Kisha ule mwili mkubwa ukalegea wote kwa pamoja, Kezia akaachia, na Idarusi akaanguka mbele bila kuweka mikono. Kichwa kilipiga simiti. Sauti ile ilisikika juu ya makelele yote, na makelele yakakatika.

Aliamka. Alikaa, akauliza yuko wapi, watu wakapumua na kushangilia. Rafiki zake wakamchukua wakimtania. Lakini mmoja wao alibaki nyuma, akamwambia Kezia kwa sauti ya chini, "Usidhani hakujua kugonga. Tuliambiwa na Griffins, anayegonga asirudi hapa tena."

Mvua zilianza mwezi wa kumi, zile mvua za El Nino, na hazikukatika. Mto ulipanda ukachukua vibanda. Fleti zilitokwa na ukungu kutani, na harufu ya Kiamaiko ilishuka na maji mpaka mlangoni. Asubuhi moja yenye giza kama jioni, mwanamke aliyevaa buibui lililolowa hadi magotini alibisha mlangoni kwa Kezia.

"Mimi ni Salme," alisema. "Mama Afnan. Mke wa Idarusi."

Kezia alimkaribisha kitini. Triza akampa chai. Salme alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Sikuja kwa ugomvi, dada. Mume wangu anaanguka. Tangu siku ile. Anasimama vizuri, anaongea, halafu macho yanapinduka na anaanguka. Jana ameanguka na kisu cha machinjioni mkononi. Wamemwondoa kazi."

"Mmeenda hospitali?"

"Tumeenda. Daktari amesema kichwa chake kisiguswe tena. Akipigwa mara nyingine, hawezi kusema nini kitatokea." Alitazama sakafu. "Na yeye anataka kurudi kule. Anasema watu wanamcheka, kwamba alilazwa na mwanamke. Griffins amempa nafasi Jumamosi hii. Apigane na wewe."

Kezia hakuwa amesikia habari hiyo. "Sitapigana naye," akasema mara moja. "Nakuapia, Mama Afnan."

Siku hiyohiyo alishuka godauni kwenye matope. Alimkuta Griffins akizibua mfereji kwa fimbo, jaketi lake limeloa.

"Idarusi ni mgonjwa," Kezia alimwambia. "Mwondoe."

"Amekuja mwenyewe, Kezi. Mtu mzima. Nimfunge kamba?"

"Basi niondoe mimi."

Griffins aliacha kuzibua. Hakukasirika. Alimtazama kama kwa upole, na upole ule ndio uliomtia Kezia baridi kuliko kitu chochote alichowahi kukiona mle ndani. "Sawa. Nikikuondoa, nitamweka Wekulo."

Wekulo alikuwa askari jela aliyefukuzwa kazi. Alikuwa ameanza kupigana pale miezi miwili iliyopita, na wapinzani wake watatu walitoka wamebebwa. Wa pili alikuwa amegonga, wazi, mara nyingi, mbele ya kila mtu, na Wekulo hakumwachia.

"Chagua wewe," Griffins akasema, akarudi kwenye mfereji wake.

Kezia alikaa siku zile bila kulala sawasawa. Alijaribu kumtafuta Idarusi. Idarusi aliposikia ni Kezia anayemtafuta, hakutaka kumwona. Mwisho alimwambia Triza alichoamua. Angepigana. Angemlaza chini polepole, angemkandamiza pale mpaka nguvu zimwishie, asipate hata mkwaruzo. Judo ilikuwa na mambo hayo: kumbana mtu chini bila kumkaba wala kumvunja, kama unavyomshika mtoto mwenye degedege. Hakuna aliyekufa kwa kubanwa chini.

"Na yeye anajua kwamba unamhurumia?" Triza aliuliza.

Kezia aliinuka kwenda kuzima taa.

Jumamosi ile mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba watu walionana midomo tu ikifunguka na kufungwa. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango na kutambaa sakafuni. Idarusi alikuwa amekonda. Safari hii hakumpa Kezia mkono.

Alimjia kwa fujo. Kezia aliinama chini ya ngumi ya kwanza, akamkumbatia kiunoni, akamzungusha. Alipomwona anaanguka, aliupitisha mkono wake wa kulia nyuma ya kichwa cha Idarusi na kukipakata, akaenda naye chini. Uzito wa wote wawili uliangukia kiwiko cha Kezia. Alisikia kitu kikikatika ndani, kavu, kama kuni. Kichwa cha Idarusi hakikugusa simiti.

Akajilaza juu yake na kumbana. Alikuwa na mkono mmoja sasa. Wa pili alikuwa ameuacha palepale chini ya kisogo cha yule mtu, na kila Idarusi alipojitupa, mfupa ulisaga. Idarusi alimpiga mbavuni, akamng'ata begani. Kezia alimwambia, "Tulia, Baba Afnan. Tulia, imekwisha," lakini mvua ilimeza maneno. Watu walianza kurusha chupa za plastiki. Walitaka damu na walikuwa wanaona mwanamke amemlalia mwanamume kama anayembembeleza. Hapo kikarudi kile kicheko, kicheko kibaya, kikaanzia nyuma na kuja mbele. Kezia aliyaona macho ya Idarusi yakikisikia.

Nguvu zikamwishia Idarusi. Alilala akitazama mabati. Kezia alipojiondoa, Idarusi aliinuka mwenyewe, mzima, akapita katikati ya watu waliomsonya na kumpigia miluzi, akatokea mlangoni kwenye mvua.

Salme alikuwa amesimama nje. Alimtazama mumewe akipita, kisha akamtazama Kezia na mkono wake uliokuwa umening'inia vibaya, akaweka kiganja kifuani kushukuru.

Kezia alifungwa plasta. Kwa wiki mbili alikaa nyumbani, Triza akimchana nywele, na ingawa maumivu yalimwamsha, moyo wake ulikuwa mwepesi kidogo. Alifikiri amemaliza.

Habari zililetwa na mtu wa machinjioni, yuleyule aliyebaki nyuma mara ya kwanza. Alisimama mlangoni hakutaka kuingia. Idarusi alikuwa amerudi godauni, alisema. Hakumwambia mkewe. Alimwendea Griffins mwenyewe na kumtaka Wekulo, kwa sababu mtu akishindwa na Wekulo hachekwi. Alisimama dakika chache. Wekulo alimpiga ngumi moja tu iliyompata sawasawa, naye alikuwa amekufa kabla hajafika chini.

"Alisema kitu?" Kezia aliuliza, na hakujua kwa nini aliuliza hilo.

"Alisema heri kuuawa na mwanamume kuliko kubembelezwa."

Walimzika siku hiyohiyo alasiri, mvua ikiwa imepungua kuwa manyunyu. Kezia alikwenda Kiamaiko jioni, plasta imefunikwa kwa leso, akiwa na hakika atafukuzwa. Wanawake walikuwa wameketi chumbani bega kwa bega. Mmoja alipomtambua alinyamaza, wa pili akanyamaza, na kimya kikaenea hadi kwa Salme aliyekuwa pembeni na Afnan magotini.

Salme hakulia.

"Ungemwachia Wekulo tangu mwanzo," alisema, "angekufa. Umempigania, amekufa." Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa maneno ya lugha ngeni. "Sijui nikwambie nini, dada. Nenda nyumbani. Siku nitakayojua, nitakuja."

Kezia akaenda nyumbani.

Polisi walifunga godauni kwa kufuli jipya. Wekulo alishikwa, akaachiliwa. Kila shahidi alisema aliyekufa aliingia kwa hiari yake. Griffins alihama, na kabla ya Krismasi watu walisema ameonekana Dandora, akikagua jengo. Mkono wa Kezia haukunyooka tena. Mwalimu Nzuki alikuja kumwona, akakaa saa nzima akizungumzia mvua, akaondoka. Kikombe Kezia alimwambia Triza akiondoe kabatini.

Salme hakuja. Kezia alisikia amewachukua watoto na kwenda kwa ndugu wa mumewe Malindi. Lakini kwa miaka mingi baadaye, mlango ulipobishwa asubuhi kukiwa na mvua, Triza alimwona dada yake akiacha alichokuwa anafanya, akisimama wima katikati ya chumba, na kungoja kwanza kabla ya kusema karibu.